Rimoti ikikata mteremkoni, ubao wako utafanya nini?

Kuna swali moja ninalomuuliza kila kijana anayeniambia ameunda rimoti yake ya skeitibodi ya umeme. Simuulizi inashika hadi mita ngapi, wala ubao unakimbia kiasi gani. Namuuliza hivi: ishara ikikatika ukiwa umesimama juu ya huo ubao, nini kitatokea?

Wengi hunyamaza. Siwacheki, maana mimi jibu hilo nililipata kwa goti.

Ilikuwa Jumapili asubuhi mjini Meru, barabara tulivu karibu na Makutano. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumefunga mota kwenye skeitibodi kuukuu. Rimoti tuliiunda ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka: kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, Arduino Nano moja na redio ndogo ya nRF24L01. Arduino nyingine na redio ya pili tulizifunga chini ya ubao. Vifaa vilinunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, vikapanda matatu hadi kwetu.

Nikasukuma kijiti, ubao ukaondoka. Raha iliyoje! Halafu nikaachilia kijiti. Ubao haukujali. Uliendelea kwa kasi ile ile, moja kwa moja kuelekea kwa mama mmoja aliyekuwa amepanga ndizi zake kando ya barabara. Niliruka. Ubao uligonga ukingo wa mtaro na kupinduka. Ndizi zilipona, goti langu halikupona.

"Kijana, hiyo kitu yako haina breki?" yule mama akaniuliza. Sikuwa na la kumjibu.

Jioni tulipofungua kile kikopo, tulikuta waya mmoja wa redio umelegea. Lakini waya kulegea ni jambo la kawaida kwa kitu kinachotikisika barabarani. Kosa kubwa lilikuwa kwenye programu yetu. Tuliuambia ubao upokee amri na kuitekeleza, basi. Hatukuuambia ufanye nini amri zisipofika. Kwa hivyo ulishikilia amri ya mwisho uliyoisikia, na amri ya mwisho ilikuwa "twende".

Wacha nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanajikwaa. Kidhibiti cha mota hakielewi maneno. Kinaelewa mapigo mafupi ya umeme. Kwa kawaida, pigo la milisekunde 1.5 maana yake ni tulia, 2 ni kasi yote, na 1 ni breki yote. Kazi ya mpokeaji chini ya ubao ni kutafsiri mkao wa kidole chako uwe pigo. Sasa mfundishe huyo mpokeaji kuhesabu muda. Robo sekunde ikipita bila neno kutoka kwenye rimoti, aache kasi na arudi 1.5. Ni mistari michache tu ya programu. Na robo sekunde si kidogo: ukienda kilomita 20 kwa saa, tayari umesonga karibu mita moja na nusu.

Kuna vitu vingine vidogo vinavyookoa magoti. Kijiti kiwe na springi ya kukirudisha katikati chenyewe, ili ukianguka na rimoti ikuponyoke, kasi ikatike. Redio hizo hutumia volti 3.3 na hazipendi umeme unaoyumba, kwa hivyo weka kapasita ndogo karibu na miguu yake. Na kumbuka masafa ya gigahezi 2.4 ndiyo hayo hayo ya Wi-Fi na Bluetooth, na mwili wa binadamu huyazuia kwa sababu umejaa maji. Ishara inaweza kupotea kwa sababu tu umegeuka.

Lakini kwetu huku kuna shida ambayo video za Wazungu wanaoteleza kwenye barabara tambarare hazikuambii. Sisi tunaishi mlimani. Anayesafiri kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na Meru anajua: ni kupanda na kushuka, mto baada ya mto. Kwenye tambarare, mota ikitulia ubao hupunguza mwendo wenyewe. Kwenye mteremko, mota ikitulia ubao unazidi kukimbia. Na kwa skeitibodi nyingi za umeme, breki ni hiyo hiyo mota, inayoamriwa na hiyo hiyo rimoti. Rimoti ikienda, breki imeenda nayo.

Utasema basi mpokeaji apige breki yote ishara ikikatika. Jaribu uone. Utarushwa mbele kama gunia la viazi lililodondoka kutoka kwenye lori. Sisi tulichagua njia ya katikati: kasi ikatike kwanza, kisha breki iingie polepole. Na hata hapo, betri ya ubao ikizima kabisa, hakuna programu itakayokuokoa. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na najua wengine wataukataa: asiyeweza kusimamisha ubao kwa mguu wake asiguse rimoti. Jifunze kwanza kuburuza soli ya kiatu. Helmeti nayo si ya kubishaniwa.

"Si ungenunua tu ya dukani?" Swali hilo nimelisikia sana. Ya dukani pia hupoteza ishara, tofauti ni kwamba wewe hujui itafanya nini ikipoteza. Niliyoiunda naijua ndani nje, hata aibu zake.

Wapo pia wazee wanaosema huu ni mchezo wa watoto. Mwaka wa 1898, kule New York, Nikola Tesla alionyesha watu mashua ndogo aliyoiendesha kwa redio bila waya. Nayo ilionekana kama mchezo. Leo pikipiki za umeme zinaanza kuingia kwenye stendi za bodaboda, na droni zinanyunyizia mashamba dawa. Swali la ndizi za yule mama linazihusu zote: mawasiliano au umeme ukikatika, mashine itaangukia upande gani? Kijana aliyelijibu kwa skeitibodi akiwa na miaka 16 hatalisahau akipewa kutengeneza pikipiki inayobeba abiria.

Sasa, tuongee ukweli. Vijana hawa wapo, Meru na Embu. Wanafanya kazi hii kitandani, kwa kichomeo cha kuazima kutoka kwa fundi wa simu, kisha wanaenda kujaribu barabarani kati ya probox na lori la mchanga kwa sababu hawana pengine. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu, na mmoja wa mikondo mitatu ya kuchagua ni wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Vizuri sana. Lakini mkondo bila meza ya kufanyia kazi ni jina tu.

Tuna Meru University of Science and Technology pale Nchiru, Meru National Polytechnic mjini, na Chuo Kikuu cha Embu. Ninachoomba si mabilioni. Ni karakana zifunguliwe Jumamosi na wakati wa likizo, kuwe na mwalimu mmoja wa kuangalia, na uwanja uliofungwa kwa magari kwa saa mbili. Kijana akatazwe barabarani, sawa, lakini aonyeshwe pa kwenda.

Na wewe ambaye ubao wako uko tayari chini ya kitanda, fanya hivi leo. Uinue magurudumu yasiguse chini. Sukuma kijiti hadi mwisho. Kisha zima rimoti ghafla na uhesabu moja, mbili. Mota ikiwa bado inavuta, usiupande. Rudi kwenye programu yako.