Ruta Yenye Nywila ya Kiwandani Ipigwe Marufuku

Fundi anapanda nguzo, anavuta waya wa faiba hadi sebuleni, anafunga ruta ukutani, anapima kasi kwa simu yake, anaaga. Nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe hakuigusa. Bado ni "admin", kama ilivyotoka kiwandani, na orodha ya nywila za aina hiyo iko wazi mtandaoni.

Uzembe huu ukome! Nenda steshenari za Mailimoja, Kibaha, au za Kisarawe mjini, msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ya HESLB. Mwanafunzi anakabidhi cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, hata kitambulisho cha mzazi. Vyote vinaskaniwa kwenye kompyuta moja, folda haijafungwa, na anayesubiri fotokopi kwenye benchi anatumia waifai ileile, ya ruta iliyofungwa kwa mtindo huohuo. Mwenye nia mbaya akiingia kwenye ruta, anabadilisha seva zinazoelekeza anwani. Kuanzia hapo mwenye duka akitafuta tovuti ya benki yake anaweza kupelekwa kwenye ukurasa bandia.

Nani atahangaika na Kisarawe? Swali hilo ni la kujidanganya. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai hakikuchagua mji. Kilizunguka mtandao wa dunia nzima kikijaribu nywila za kiwandani, kikateka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu, na Oktoba kikaiangusha kampuni ya Dyn ya Marekani. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi.

Wanaosema mteja abadilishe mwenyewe wanamwonea. Ni wangapi walioachiwa hata mwongozo wa Kiswahili?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu mvamizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, yaani hata mwenye steshenari. Aliyemfungia kifaa kilicho wazi naye abanwe. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, hairuhusu kuuza vifaa vya intaneti vyenye nywila moja kwa wote. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano nchini, basi iongeze sharti hilo: ruta isiyo na nywila yake ya pekee isipewe idhini, na fundi asiondoke kabla ya kuibadilisha mbele ya mteja. Zilizokwisha kufungwa, kampuni zizirudie nyumba kwa nyumba, kwa gharama zao.