Kama Hutaki Afe, Usirushe Dadu

Msimamizi wa mchezo anayebadilisha matokeo ya dadu kwa siri ili kumwokoa mhusika wako hajakutendea wema. Amekudanganya. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi wetu tunaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani tumewahi kuokolewa namna hiyo, na wengi wangemshukuru aliyewaokoa.

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne au watano wanaketi mezani. Kila mchezaji anamwendesha mhusika aliyemtunga mwenyewe. Msimamizi anaendesha ulimwengu uliobaki: majoka, wafalme, mvua. Mtu akijaribu jambo la hatari, dadu zinarushwa. Wasimamizi wengi hurusha za kwao nyuma ya kadibodi iliyosimamishwa, ili wachezaji wasione.

Swali la nani afe halikuachwa hewani. Mchezo ulioianzisha aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na kila toleo limekuwa na jibu lake. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuwa na kanuni ya pigo kubwa: ukipata madhara ya pointi 50 au zaidi kwa pigo moja, hata kama bado una uhai wa kutosha, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza ustahimilivu wa mwili wako, na usipofikisha 15 umekufa. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilibadili hesabu. Uhai ukifika sifuri unaanguka, na kila zamu yako unarusha dadu hiyohiyo. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu. Chini ya hapo, umeshindwa. Ukifaulu mara tatu umenusurika, ukishindwa mara tatu umekufa. Lakini madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yakilingana na uhai wako wote wa kawaida au kuuzidi, hurushi chochote. Mwenye uhai wa 20, aliyebakiwa na 5, akipigwa pigo la 25, safari yake imeishia hapo.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Mezani kinga zipo, zimeandikwa, na mchezaji anaweza kuzisoma kabla joka halijafungua kinywa.

Mimi nilikuwa na mpiga upinde, Zuhura. Nilikuwa nimemcheza karibu mwaka mzima joka lilipomtemea moto. Msimamizi wetu alirusha dadu nyuma ya kadibodi, akahesabu, akanyamaza kidogo, kisha akataja madhara yaliyomwangusha tu. Zuhura akapona. Wiki kadhaa baadaye alilinda daraja peke yake wenzake wakikimbia, nami niliinuka kitini kwa furaha. Kampeni ilipokwisha, msimamizi akaniambia, kwa tabasamu la mtu anayetoa zawadi, kwamba ule moto ulikuwa umemuua palepale.

“Sasa na lile daraja, kaka?” nikamuuliza. Akasema la daraja lilikuwa la kweli. Huenda. Lakini nitajuaje? Aliyebadilisha dadu moja ili nifurahi anaweza kubadilisha ya pili kwa sababu hiyohiyo. Huruma yake haikuishia kwenye moto ule. Ilienda mbele na kuchukua kila ushindi uliofuata, hata ule nilioupata kwa haki.

Nitaambiwa kwamba mchezo ni wa kufurahisha, na kwamba kazi ya mwaka mzima haifai kupotea kwa dadu moja. Nakubali kabisa. Basi mlikubaliane hilo mapema, wote, kwa sauti. Kuna michezo iliyojengwa hivyo. Katika Blades in the Dark ya John Harper, mchezaji anaweza kuamua kulipinga jeraha, hata la kuua, lakini analipa kwa pointi za msongo, na kiasi anacholipa kinategemea dadu anazorusha mbele ya wenzake. Mhusika anaishi, bei inaonekana, na aliyeamua ni mwenyewe.

Wengine watamtaja Gary Gygax, mmoja wa waasisi wawili wa Dungeons & Dragons, aliyeandika mwaka 1979 kwamba mchezaji akifanya kila kitu sawasawa na bado dadu zikamuua, msimamizi ana haki ya kuingilia. Ni kweli. Ila wasome sentensi nzima: badala ya kufa, mhusika azirai, apoteze kiungo, apofuke jicho. Pia alishauri kwamba kwa kawaida mikasa hiyo iachwe ipite. Huruma aliyoipendekeza inaacha kovu ambalo meza nzima inaliona. Zuhura hakupoteza hata unywele.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi ni dogo. Kabla ya kampeni kuanza, waulizeni wachezaji kama kifo kinaruhusiwa. Wakikataa, kiondoeni, na mtafute adhabu nyingine: deni, kilema, rafiki aliyetekwa. Wakikubali, basi siku joka litakapovuta pumzi, laza kadibodi yako chini na urushe dadu mahali tunapoziona sote. Nikifiwa na mhusika nitahuzunika, nitachukua karatasi mpya, nitaanza mwingine. Hilo naliweza. Nisichokiweza ni kushangilia jambo ambalo labda halikutokea.