Mja wa nani? Jina la mtoto lisomwe pamoja na la baba

Kwetu Pemba jina la mtoto halisimami pekee. Hufuatiwa na la baba, kisha la babu. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa kisiwa hiki aliyefariki mwaka 2021, alikuwa Seif mwana wa Sharif mwana wa Hamad. Binti akiolewa, jina la babake hubaki, kwani Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watoto wanasibishwe na baba zao.

Kwa hiyo uzuri wa sauti si hoja kubwa. (Jina la babu halibadilishwi ili lipendeze sikioni!) Hoja ni maana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa majina yapendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdulrahman. Nasi twawapa watoto majina hayo, kisha kwa uvivu wa ulimi twayakata: "Abdul". Neno hilo maana yake ni "mja wa". Likiandikwa hivyo katika cheti cha kuzaliwa, likafuatiwa na jina la baba, Juma, mtoto husomeka kuwa mja wa Juma. Mzazi, kabla ya kumkabidhi karani karatasi, yasome majina yote matatu kwa pamoja, wala usikubali jina la Mola liachwe nje.