Kibao cha Muda kwa Barabara ya Chemba
Tangu lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe Aprili 2018, msafiri wa Chemba, wilaya iliyo kwenye barabara hiyo, amepona vumbi, lakini saa ya kufika bado ni ya kubahatisha. Marekani na Ulaya, vibao vya kielektroniki humwambia dereva dakika zilizobaki hadi mji ulio mbele, kwa kupima muda waliotumia waliotangulia kati ya vituo viwili. Sisi hatuna foleni ya Ubungo, Dar es Salaam. Kinachotukwamisha ni lori lililolala katikati ya barabara, au korongo lililofurika mwezi wa kwanza, huku konda akiwatuliza abiria kwa "tunaingia sasa hivi" mpaka jua linazama. Na vifaa vya kuanzia tunavyo! Mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, unaotuma mahali basi lilipo na mwendo wake. Taarifa hizo zinatumika kumbana dereva mkimbizaji, na hilo ni jema kabisa. Lakini mama anayempeleka mtoto mgonjwa Dodoma naye anazihitaji, azione stendi kabla hajakata tiketi. Sharti moja tu: kibao kisionyeshe kamwe muda mfupi kuliko unavyoruhusu mwendo halali, kilomita 50 kwa saa kijijini na 80 kwa basi penye nafasi, la sivyo madereva watashindana nacho. LATRA na TANROADS, Wakala wa Barabara, kaeni meza moja, na majaribio yaanzie barabara hii.