Slaidi Isomwe na Aliyeketi Nyuma

Mvuvi mmoja aliyehudhuria somo letu la kichocho hapa Iringo alisimama mwishoni, akashukuru, kisha akatangaza kwamba kuanzia siku ile ataingia ziwani na ndala ili asikanyage konokono. Alikuwa amesikiliza kwa makini. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa slaidi niliiandaa mimi: mchoro wa mduara ulionakiliwa kitabuni, mishale mingi, majina ya Kilatini, na mshale mnene utokao kwa konokono kuelekea mguu wa mtu. Yeye aliusoma mshale kama alivyouona. Kwamba vimelea humtoka konokono, huogelea majini na kupenya ngozi iliyomo majini, yenye ndala au isiyo na ndala, nilikuwa nimekuandika pembeni kwa herufi ndogo.

Sisi watumishi wa afya hukagua dozi mara mbili kabla ya kuiandika, lakini slaidi huitunga usiku wa kuamkia semina. Naona huo ni uzembe. Kwa mama wa hapa Musoma anayefulia ziwani, maneno yaliyoko ukutani yana uzito sawa na maneno ya daktari.

Madhara ya jambo hili yamewahi kuonekana hata kwa mabingwa wa sayansi. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika tarehe 1 Februari 2003, na wanaanga 7 wakafa. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walikuwa wamewaonyesha wakubwa wao slaidi kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa. Habari nzito kuliko zote, kwamba kipande hicho kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920 ilhali vilivyojaribiwa vilikuwa na 3, iliwekwa chini kabisa ya slaidi iliyosheheni maneno. Bodi ya uchunguzi iliitaja slaidi hiyo katika ripoti yake. Siyo iliyosababisha ajali. Lakini ilificha hatari mbele ya macho ya waliopaswa kuiona.

Basi tuanze na kichwa cha slaidi. “Madhara ya Kichocho” ni jina tu, halimfundishi mtu. “Kichocho kisichotibiwa huharibu ini” ni habari kamili, na anayesinzia akiamka akaisoma hiyo pekee, atarudi nyumbani na kitu. Slaidi moja ibebe jambo moja. Herufi zisipungue ukubwa wa 28, na mwandaaji aende mwenyewe akasimame kwenye ukuta wa nyuma azisome. Rangi ya manjano juu ya nyeupe hufutika kabisa katika ukumbi usio na mapazia saa 6 mchana. Nyeusi juu ya nyeupe haijawahi kumwangusha mtu. Wala tusitegemee nyekundu na kijani pekee kutofautisha hatari na salama, kwani wapo wasioona tofauti yake.

Kuna suala la saa, ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kutuonya. Ukiandika “dawa saa 8:00”, mmoja atameza asubuhi na mwingine saa nane mchana. Andika “saa 2 asubuhi” na “saa 2 usiku”, kama watu wanavyosema.

Kubwa zaidi ni picha. Nimeona eksirei ikionyeshwa hadharani huku jina la mgonjwa na namba ya faili vikisomeka kwenye kona. Mstari mweusi juu ya macho hautoshi katika mji ambao watu hujuana. Kovu, shanga au kitenge humtaja mwenyewe. Ridhaa iombwe kabla, kwa maandishi, na aelezwe picha itaonyeshwa wapi. Nawe mgonjwa unayeombwa picha, una haki ya kukataa, na kukataa kwako hakupunguzi hata kidogo matibabu unayostahili.

Kuhusu maandishi yanayoruka na kuzunguka sina la kusema ila yaondolewe. Umeme nao ukikatika, bango kitita lililochorwa vizuri litamaliza somo.

Mchoro wangu wa mduara niliufuta. Mahali pake niliweka picha ya mwalo, isiyo na mtu: mtumbwi, jiwe la kufulia, maji ya kina kifupi penye majani, na juu yake maneno matatu, “Vimelea wamo majini.” Mvuvi yule alirudi kusikiliza tena. Safari hii hakugusia ndala. Aliuliza, ikiwa mayai ya vimelea hufika ziwani kwa kinyesi chetu wenyewe, mbona mwaloni kwao hakuna choo. Swali hilo halikuwa na slaidi. Niliahidi kulipeleka kwa mtendaji wa kata.