Kabla Mitambo Haijafika Bonde la Rukwa

Mkulima wa mpunga wa Usevya, bonde la Rukwa mkoani Katavi, akiulizwa mafuta yanamhusu nini, huenda akataja dizeli ya mashine ya kukoboa, na bei yake. Mengine ni habari za redioni. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita mkoa jirani wa Tabora bila kukanyaga Katavi.

Hata hivyo, bonde la Rukwa lilishawahi kutobolewa. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili kusini mwa Ziwa Rukwa, Ivuna na Galula, ikaondoka mikono mitupu. Miaka ya karibuni wamekuja wanaosaka heliamu. Kwa hiyo Usevya haina sababu ya kusubiri gari la wapimaji lionekane barabarani ndipo ianze kusoma sheria.

Mfano wa kusoma uko Lamu. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, megawati 1,050. Muungano wa vikundi vya wenyeji, Save Lamu, ukaenda kwenye mahakama maalumu ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Utamu wa hukumu hiyo uko kwenye jambo dogo: vikao. Ilionekana kuwa wananchi waliitwa na kuelezwa habari za mradi kabla utafiti wa athari haujakamilika. Ulipokamilika, hawakurudishiwa matokeo ili wayajadili. Wavuvi walihesabiwa kuwa wameshirikishwa katika jambo ambalo madhara yake hawakuwa wameonyeshwa.

Mtwara ilipita njia nyingine. Jiwe la msingi la bomba la gesi kwenda Dar es Salaam liliwekwa Novemba 2012. Maandamano makubwa yakafuata Desemba, na vurugu za Mei 2013 zikaua watu. Bomba likajengwa. Madai ya watu wa kusini yalikuwa na uzito (gesi ni yao, viwanda viko wapi?), lakini yalisikika wakati mkandarasi keshapatikana. Kosa hilo si la wananchi peke yao. Iliyostahili kuwauliza mapema ilikuwa Serikali.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji pa kushikia. Ardhi yake ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, na haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi, anaamua waziri, na kijiji kinabaki na mapendekezo tu. Hapo sheria ina tundu, maana miradi mikubwa ndiyo inayomeza ardhi kubwa. Lakini kuna kifungu kinachozuia ardhi kuhamishwa kabla aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia havijakubaliwa. Muda! Kando ya bomba la Hoima wapo waliothaminiwa mashamba, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu, kisha wakasubiri malipo kwa miaka.

Wanaharakati wa mazingira mara nyingi huja na mabango kuhusu hali ya hewa ya dunia. Si vibaya, ila Usevya inahitaji kitu cha karibu zaidi: daftari la mihtasari. Karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa kikaoni, pengine kwa ajili ya posho na soda, isije ikasomwa baadaye kama ridhaa ya kijiji kizima. Mahudhurio yawe na ukurasa wake na uamuzi uwe na wake, maswali yaandikwe kama yalivyoulizwa, na wanaopinga wahesabiwe. Anayeandika ni mtendaji wa kijiji, na daftari hukaa ofisini kwake. Wanakijiji waombe nakala siku hiyohiyo, kabla mkutano haujatawanyika.