Sekunde Ishirini za Bibi



Ndugu zetu katika imani, mwezi uliopita tuliwatoa wanafunzi wetu wa madrasa hapa Nakivale nje ya darasa. Tulichora mistari miwili uwanjani, mita 12 baina yake, mfano wa barabara pana ya mjini, tukahesabu sekunde. Kijana wa miaka 17 alivuka kwa sekunde 8. Mtoto mdogo, 13 (alisimama kuokota ndala). Bibi jirani yetu, mwenye mkongojo, 20.

Tulifanya hivyo kwa sababu ya bibi huyo. Alikuwa akitoka hospitali Mbarara, na katika njia panda moja magari yakaruhusiwa naye yuko katikati. Bodaboda zikampita mbele na nyuma. Alifika salama, alhamdulillah, lakini tangu hapo hataki kurudi kliniki, na dawa zake zinakwisha.

Wahandisi wamezoea kukadiria mwendo wa mtembea kwa miguu kuwa mita 1.2 kwa sekunde, yaani sekunde 10 kwa mita 12. Mwaka 2009 mwongozo wa Marekani uliushusha hadi mita 1.07 hivi, kwa kuwajali wazee. Hata hivyo bibi yetu bado angekuwa katikati.

Madereva watasema: mkiwapa waendao kwa miguu muda zaidi, foleni itaongezeka. Kweli, kidogo. Lakini foleni haiondoki kwa kurefusha tu zamu ya magari. F. V. Webster wa Uingereza alilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1958, mwaka ule ule ilipoanzishwa Nakivale yetu. Kila zamu inapobadilika kuna sekunde zinazopotea bure, kwa hiyo zamu fupi mno ni hasara. Lakini zikiwa ndefu mno, upande uliosimamishwa unarundikana. Na mtembea kwa miguu akichoka kungoja, hukimbia baina ya magari.

Tena muda mmoja hautoshi kwa siku nzima. Asubuhi watoto wanakwenda shule. Ijumaa baada ya swala msikiti unamwaga watu barabarani kwa mkupuo. Taa zinaweza kupangiwa muda tofauti kwa kila saa, na askari anayeongoza kwa mkono naye anaweza kutazama nani yuko kwenye kivuko.

Mbarara imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020. Tunaiomba halmashauri yake ipime vivuko kwa mwendo wa mzee. Mtume (S.A.W.) alipotaja haki za njia, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, alitaja kujizuia kuwaudhi watu. Anayepanga sekunde naye yumo.

Wazazi mlioko Mbarara, hesabuni sekunde katika vivuko mnavyopita, mtuletee namba tuziambatanishe na barua yetu. Bibi ana miadi Jumanne ijayo, inshaAllah. Vijana wawili wa darasa la juu watamsindikiza, mmoja kila upande.

Wabillahi tawfiiq.